Sweta Yenye Vifungo Mgongoni

Kibomet, Kitale
Jumatano jioni

Mpendwa Mama Ciru,

Pokea salamu zangu, pamoja na za Mukami, ambaye ameketi hapa kando yangu akichambua maharagwe na kuyapanga kwa rangi. Baba Ciru anaendeleaje, na mguu wake umepona? Huko Chwele mvua imenyesha? Sisi hatujambo. Mahindi yamefika magotini, na yule ng'ombe uliyetuachia amezaa ndama jike.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe hunimalizia maneno, nami hujikuta nimekubali kabla sijajua nimekubali nini. Usikasirike, unajua ni kweli. Barua hii ataileta Kipkemei anayepeleka vitunguu sokoni kwenu kesho, ili uisome kabla ya Jumamosi, siku uliyosema utakuja na pickup kumchukua Mukami akaishi kwako.

Nilikubali aje kwa sababu shuleni mambo yalikuwa yameharibika. Tangu muhula uanze alikuwa akiuma watu, na kila mara ilikuwa wakati wa kwenda nyumbani. Wiki iliyopita alimuuma Joan, msaidizi mgeni aliyewekwa awe na yeye peke yake, hadi damu ikatoka. Mwalimu mkuu aliniita. Hakupaza sauti. Alisema kitengo kile cha elimu maalum kina watoto wengine wenye mahitaji makubwa, na wazazi wao wameanza kuuliza. Akiuma tena, itabidi akae nyumbani. Nikamuuliza nyumbani hadi lini, naye akatazama dirishani.

Wewe unakumbuka alivyoingia pale, hawezi kushika kijiko. Sasa akiwa na kiu anachukua kadi yenye picha ya maji na kuniwekea mkononi. Siku ya kwanza alipofanya hivyo, ndugu yako Wachira alimpa maji, halafu akatoka nje akajifanya anatafuta jembe. Niliogopa kwamba akikaa nyumbani, hata kadi ataziacha.

Mwalimu wake, Jerono, aliomba jambo moja kabla ya mkutano wa kuamua: nije nikae darasani kutwa nzima, nitazame tu. Nilikwenda jana. Kwenye geti kuna askari mpya anaitwa Eliakim, mtu wa Sirisia, mwenye mzaha mwingi. Aliniambia karibu mama, ati leo nimekuja kumwona inspekta. Nikauliza inspekta gani. Akasema si huyo binti yangu, kila jioni anakagua pikipiki zote zinazosimama hapo nje, na bado hakuna hata moja iliyopita, bana. Nilicheka naye. Sikuwa nimeelewa.

Siku ilikwenda vizuri, nami nikazidi kuogopa, kwa kuwa saa ya kwenda nyumbani ilikuwa inakaribia. Pale kila mtoto ana mpango wake wa kujifunza. Wa Mukami muhula huu ni kuvaa sweta bila kusaidiwa. Kengele ilipolia, aliichukua ile ya vifungo, akaingiza mikono kutoka mbele, vifungo vikabaki mgongoni. Joan alimsifu, kisha akamvua polepole amgeuzie. Mukami akaivaa tena vile vile. Joan akaishika tena. Niliona shingo ya mtoto wangu ikikaza, nikashika benchi kwa mikono miwili. Mwalimu Jerono alisema kwa sauti ya chini aachwe. Joan akasema lakini mpango ndio huo. Mwalimu akarudia, aachwe.

Joan aliondoa mikono. Mukami akatulia saa hiyo hiyo. Akaenda mlangoni na sweta yake mbele nyuma, akasimama, mikono ameinyoosha mbele kama mtu aliyemkumbatia mwingine kiunoni.

Mwalimu Jerono aliniuliza muhula uliopita ni nani alikuwa akimvisha wakati wa kwenda. Unajua Wachira alivyokuwa akivaa ile jaketi yake ya kijani akiwa kwenye pikipiki, zipu mgongoni, upepo usimpige kifua. Pale nje ya geti alikuwa akimgeuzia Mukami sweta vile vile, akimwambia sasa wote wawili ni madereva. Mwanzoni waliponiuliza habari za mtoto, waliuliza anakula nini na anaogopa nini. Mambo ya sweta hayakunijia.

Nilipowaeleza, Joan alilia, na mkono wake bado una bendeji. Kwenye mkutano leo asubuhi, Mwalimu Jerono alisema huyu si mtoto mkorofi. Huyu hujiandaa kuchukuliwa na baba yake, na sisi kila jioni tunamvua. Mwalimu mkuu akaniuliza Mukami aliambiwa nini baba yake alipofariki.

Mama Ciru, hakuambiwa. Wazee walisema atapiga kelele, na tena hataelewa, nami nikamfungia nguo zake, nawe ukamchukua kwa upendo hadi Chwele. Watoto wote wa ukoo walipotupa udongo kaburini, yeye alikuwa nawe sokoni akitazama kondoo. Aliporudi, baba hakuwepo. Amemngoja muhula mzima. Sikulaumu. Sote tulidhani tunamkinga.

Basi nafasi yake shuleni imebaki. Sweta imeondolewa kwenye mpango, na mahali pake wameandika kwamba aelezwe kifo cha baba yake. Mwalimu anasema maneno peke yake hayatamfikia, ni lazima aone na aguse.

Kwa hivyo Jumamosi njoo, lakini usije kumchukua. Njoo na ile jaketi ya kijani aliyopewa Baba Ciru tulipogawa nguo za marehemu. Nataka aishike. Halafu tutakwenda naye kaburini, na atatupa udongo wake kwa mkono wake. Sijui atafanya nini. Pengine atapiga kelele, pengine ataniuma. Akipiga kelele, nakuomba usimwondoe. Siku ile sote tulipiga kelele, na hakuna aliyetuondoa.

Msalimie Baba Ciru, umwambie jaketi nitairudisha. Msalimie na Ciru, Mungu amsaidie kwenye mitihani yake. Naishia hapa, maana Mukami amemaliza maharagwe, amevaa sweta yake, vifungo mgongoni, na amesimama mlangoni.

Ni mimi, mke wa ndugu yako,
Nyaruai