Jina la Baba Katika Ukungu

Ravnåsen, Norwe
10 Julai 1906

Mpendwa Kaka Eivind,

Nakusalimu kwa moyo wote. Kifua kimepona huko Minnesota, Marekani? Sisi wazima, ila Baba miguu inamsumbua, na mkongojo hataki kusikia habari zake.

Ile ngome ndogo ya kilimani haipo tena. Serikali yetu na ya Uswidi zimekubaliana, ikalipuliwa mwezi uliopita. Miaka minne tu, na haikupiga hata risasi moja. Nikipita pale asubuhi naona kama niliiota.

Ukuta wake aliujenga Baba. Nadhani aliujenga pia dhidi ya dada yetu Ragnhild, aliyeolewa ng'ambo ya bonde, Uswidi. Miaka minane Baba hakutaka hata atajwe.

Ya Septemba iliyopita sikukuandikia, kwa kuogopa barua kufunguliwa. Nchi yetu ilikuwa inajitenga na Uswidi, vita ikinukia, nami nimewapelekea askari maziwa. Ukungu ulitanda mweupe, dunia imelainika yote, nimesimama ndani yake kama niliye usingizini. Mara vishindo bondeni. Mzinga ukaelekezwa huko. Ndipo sauti ya mwanamke ikaita kutoka ng'ambo: "Halvor! Halvor!"

Askari wote wakamgeukia Baba, aliyekuja nami; Halvor waliyemjua ni yeye tu.

"Kumbe adui anakujua kwa jina, mzee?" afisa akamuuliza.

Baba akajibu: "Siitwi mimi, afande. Huyo ni binti yangu. Anamwita mwanawe."

Unajua kwetu mtoto wa pili wa kiume hupewa jina la babu mzaa mama. Sisi wote tulijua amezaliwa, ila nani angethubutu kumwambia Baba? Alitambua mwenyewe kwa kusikia jina lile. Akapanda ukuta wake, akasimama mbele ya mzinga mpaka ukungu ukapungua. Walikuwa ng'ombe, na mtoto nyuma yao.

Hata hivyo hakwenda kwa Ragnhild. Majira yote ya baridi alishinda pale ukutani, akisikiliza. Niliogopa atakufa na kiburi chake.

Juzi Jumapili akavaa koti la kanisani. "Twende, kabla sijabadili mawazo."

Tukavuka juu ya mawe yake yaliyovunjika. Mlangoni kwa Ragnhild akavua kofia. Ragnhild alikuwa anapakua uji wa krimu. Hakuuliza kitu. Akaongeza bakuli moja mezani.

"Kaa, Baba. Uji unapoa."

Mungu akutunze ugenini, kaka. Wanakusalimu Shangazi Åsta, Ragnhild na mumewe Nils, na Halvor wote wawili.

Dada yako akupendaye siku zote,
Torbjørg