Kesho Tunaondoa Matanga Yako

Mama Beata,

Kesho tunaondoa matanga yako. Nimeona nikuandikie leo, kwa sababu baada ya kesho haitafaa nizungumze nawe tena, na kwa mdomo sijawahi kuwa hodari wa mambo haya.

Rumonge haijatulia. Shuleni wamekaa askari. Mimi nafundisha watoto wachache nyuma ya kanisa, na milio ya risasi ikisikika milimani tunawarudisha nyumbani. Michikichi yetu ya juu haijakatwa vishada, maana hakuna anayethubutu kupanda huko. Barabara ya Bujumbura bado inaua watu kama ilivyokuua wewe pale Kabezi, ndani ya basi dogo, ukirudi kutoka kuuza samaki wako wa ndagala. Walikuleta pamoja na kapu lako. Nilikuzika kwa mikono hii. Najua ulikufa, juu ya hilo sina shaka.

Lakini ulirudi.

Ulikuja saa sita mchana, siku ile majirani walipomaliza kulala msibani. Nilikuwa barazani peke yangu. Ukasimama katikati ya ua, kapu kichwani, kitenge kina madoa ya mawese, ukingoja nikutue mzigo kama ilivyokuwa kawaida yetu. Niliinuka, nikanyoosha mikono. Iligusa joto la jua tu. Mimi, niliyewakataza wanafunzi wangu kusimulia habari za mizimu darasani, nilisimama uani nikiwa nimeshika hewa, na nilikuwa na furaha.

Tangu hapo ulikuja karibu kila mchana. Hukusema neno. Nami sikumwambia mtu, hata padri. Nilirudia kunyoa ndevu kila asubuhi. Nilikusimulia habari za soko, na nilipokosea bei ya ndagala nilidhani umetabasamu, kama siku ile nilipoisahihisha lugha yako mbele ya wateja, ukanijibu, "Mwalimu, samaki hawasomi." Soko zima lilicheka. Nilinuna hadi jioni. Kisha ulipouegemeza uso wako begani mwangu, sikukumbuka tena nilichonunia.

Binti yetu amepata mchumba, Ferdinandi, mvuvi wa Muhuta, kijana mwenye adabu. Wazee wake walikuja kwa mtumbwi kuuliza siku ya kuondoa matanga. Unaijua desturi ya hapa: familia isipoketi pamoja, ikanywa mtungi mmoja na kutamka kwamba msiba umekwisha, hakuna anayeolewa katika nyumba hiyo, na marehemu naye haendi zake. Niliwajibu kwamba barabara ni mbaya, ndugu hawawezi kufika. Waliutazama mtumbwi wao, kisha wakanitazama mimi.

Mdogo wako Spesioza hakuwa na staha yao. Alileta unga wa muhogo, akanikuta nimepakua sahani mbili. Akaketi.

"Shemeji," akasema, "mutoto anazeeka nyumbani, na wewe iko unaoa kaburi."

Nilimwambia aseme kwa heshima. Akajibu kwamba heshima ataileta siku ya harusi, kisha akala sahani yako yote.

Halafu Muhuta kukawa hakukaliki. Jamaa za Ferdinandi wameamua kushuka na ziwa hadi Kigoma, ng'ambo ya mpaka, nao wanataka waondoke na Beata akiwa mke wa mtoto wao. Beata hakunisihi. Alikuwa anachambua maharage, akasema bila kuinua macho, "Baba, kama hutaki, nitabaki nawe. Lakini usiniambie tena kwamba ni barabara."

Kesho yake ulikuja. Safari hii sikukutazama usoni, nilikutazama shingo. Ilikuwa ikitetemeka. Magoti pia. Mwaka mzima umesimama chini ya kapu lile, hakuna wa kukutua, na mimi nikayaita hayo mapenzi. Ndipo uliposema, kwa mara ya kwanza tangu nikuzike, "Mwalimu, nimechoka."

Hukunilaumu. Ulisema kama ulivyokuwa ukisema zamani ukitoka sokoni.

Nami nimechoka, Venansia. Nimechoka kuhesabu milio, kuzika, kuwafundisha watoto wanaotazama mlango. Ile saa ya mchana pamoja nawe ndiyo iliyokuwa ikinishikilia. Lakini haiwezekani mimi nipumzike kwa kukusimamisha wewe, wala kwa kumweka mtoto wako pwani hii hadi vita vimfikie.

Jioni ile nilituma ujumbe. Ndugu zako wa Kabezi wameingia leo kwa mtumbwi, wameloa lakini wazima. Mtungi wa bia ya mtama umeshachachuka. Spesioza anamwamuru kila mtu, nami nimo. Beata atafunga ndoa Jumamosi, kisha wataondoka. Mimi nitabaki na michikichi.

Nakuahidi haya. Nitamsindikiza binti yako hadi majini, wala sitalia mbele yake. Nitakula sahani moja. Sitakuita, hata siku zile nitakazohisi siwezi.

Kesho wageni watakapoketi, nitakunywa mimi kwanza na kutamka mimi mwenyewe kwamba msiba umekwisha. Itakuwa karibu saa sita. Ukipita uani kwa mazoea, utanikuta nimekupa mgongo. Usidhani nimekasirika. Nikigeuka, nitainuka kukupokea, nawe utasimama tena.

Pita tu, mke wangu.

Mumeo