Kiti cha Kushoto

Jumatatu, 8 Mei 1972

Nimeingia chuoni kwa gari! Langu — haya, la kaka yangu Alfayo. Ile Anglia ya kijivu. Bweni zima lilitoka nje. Esnah, tunayelala chumba kimoja, alilizunguka gari mara tatu akiniita mke wa waziri. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Mara ya kwanza tangu tumzike Alfayo, mwezi wa tatu.

Furaha haikufika jioni. Mkuu wa chuo kaniita. Mwanafunzi anataka gari la nini? Bweni hapa, darasa hapa, ugali hapa. Walimu wake wenyewe wanapanda baiskeli! Nikamwambia mama yuko peke yake nyumbani Manga, nataka kumwona kila Jumapili. Akasema nitajieleza mbele ya kamati, Ijumaa tarehe 19. Nikishindwa, gari litoke.

Kuna jambo sikumwambia. Kwetu kitu cha marehemu hakiguswi mpaka wazee wakae wakigawe. Baba mdogo Onsongo alinikataza mbele ya watu. Lakini chuo kimefunguliwa leo, na wazee walikuwa hawajapanga hata siku. Tena mimi ndiye niliyefundishwa gari hilo na Alfayo mwenyewe, barabara ya Kiogoro, akinipigia kelele: klachi, Bonareri, klachi! Nikachukua ufunguo.

Jumatano, 10 Mei

Machogu, askari wa lango, anayetuita walimu kabla hatujahitimu, kanisimamisha. "Mwalimu, huyo ndugu yako mbona hashuki?"

Ndugu gani? Yule wa kofia, akasema, anayekaa garini mchana kutwa, upande wa kushoto. Jua lote hili — ampelekee hata maji?

Macho ya Machogu yana ukungu, kila mtu anajua. Na kofia ya Alfayo iko Manga, msumarini. Niliiacha hapo.

Ijumaa, 12 Mei

Mjini na Esnah, kununua sabuni na karatasi za manila. Alifungua mlango wa mbele, akaufunga, akaingia nyuma. Sokoni nikamuuliza. Mbele pamekaliwa, akasema. Kisha haraka haraka: yaani, kiti kimebonyea.

Nimekigusa. Kimebonyea kweli, na kina joto. Nilisema ni jua. Lakini tulikuwa tumeegesha kivulini.

Jumapili, 14 Mei

Nimetoka Manga.

Kile kilima gari lilikipanda kwa gia ya kwanza, likilia kama limejaa ndizi. Nami nilikuwa peke yangu! Mama alitoka jikoni akijifuta mikono. Hakuja kwangu. Alikwenda kushoto, akafungua mlango, akasubiri. Akasubiri sana. Kisha akaufunga polepole, kama anafunga chumba alimolala mtoto. Ndipo akanisalimu.

Akaja Onsongo. Ni mzee wa kanisa, hakosi Sabato, lakini kwa mambo ya marehemu anafuata ya babu yake. Wazee watakaa Ijumaa, tarehe 19, saa nane. Gari liwe uani. Nikamuuliza atapewa nani. Akatazama migomba.

Najua nani. Mwanawe! Binti hagawiwi, binti ataolewa. Nikamwambia usoni, na sauti ikanipanda, Mungu anisamehe. Hakukasirika. Alisema hamtetei mwanawe. "Mwenyewe hashuki mpaka kitu chake kikabidhiwe." Maneno ya kuniogofya tu — mzee anataka gari.

Nikaondoka bila kunywa chai. Mama alinisindikiza hadi barabarani, akasema moja tu: alikuomba uje umchukue.

Ni kweli. Februari Alfayo aliniandikia kutoka Nakuru. Kifua kinamsumbua, hawezi kuendesha. Nije kwa basi, nimlete nyumbani kwa gari lake. Nilikuwa na mtihani. Nikamjibu angoje wiki mbili. Akaletwa Manga ndani ya sanduku, juu ya lori, na gari nikaenda kulichukua baada ya mazishi.

Jumanne, 16 Mei

Sijaliendesha. Nimefunga milango yote. Saa saba mchana nilipita karibu nikiwa na vitabu. Kioo cha kushoto kina mvuke, kwa ndani.

Alhamisi, 18 Mei

Esnah anasema nilirudishe. Nimemwambia anaogopa viti. Hatuongei sasa.

Baada ya chakula nilikaa garini, nikajizoeza maneno ya kamati. Nikakosea mahali, nikaanza upya. Nilikosea tena palepale, nikacheka kwa sauti, kwa sababu nilijua kuna mtu ananisikiliza na amechoka nami. Sikuogopa hata kidogo. Nilikaa mpaka kengele.

Ijumaa, 19 Mei

Kamati, saa nne. Nilijitetea kama wakili. Mama, Manga, Jumapili, yote. Wamekubali! Gari libaki chuoni.

Nilikuwa nimeshika kitasa, Mkuu akaniita tena. Gari sawa. Lakini huyo kaka yako tunayemwona ndani yake hana ruhusa ya kukaa chuoni. Leo hii aende kwao. Wenzake wote mezani wakatikisa vichwa kukubali.

Sasa ni saa sita. Niko garini, naandika juu ya usukani. Sijageuka kushoto. Nikiondoka sasa nitawahi wazee. Wampe mwana wa Onsongo, wampe tu, sililii gari. Lakini likikabidhiwa Alfayo atashuka, na akishuka sina kaka tena. Sitaki! Miezi miwili nilimlilia arudi, leo nimfukuze mimi? Na mama najua amesimama uani tangu asubuhi, pale gari linapokaa, upande wa kushoto.

Ufunguo uko mkononi. Mvua imeanza. Kioo cha upande wake kiko wazi, sikukifungua mimi. Nimejinyoosha taratibu, nisimguse, nikakipandisha asilowe.