Mgema wa Lyamkena

Dada Tumaini,

Kamwene huko uliko. Msalabani wameandika lile jina lako la ubatizo, la kiume, na wamekuzika umevaa suti ya kaka yako. Nilisimama nyuma ya watu wote, mimi mwenzako, niliyezaliwa wakasema ni mvulana kama wewe.

Sasa sikia. Ule mlanzi wako, mwanzi wa kugema pombe, nyuma ya nyumba pale Lyamkena bado unatoa ulanzi. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba usipochongwa kila siku hukauka. Hakuna anayeuchonga. Kisu chako nimekifungia sandukuni, na kila asubuhi nakikuta kimelowa. Mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia, imejaa, na mkato ni mbichi, umelalia kushoto, vile mkono wako ulivyozoea. Naogopa, Dada.

Unakumbuka kikombe chetu cha ulanzi cha kutokea? Hatukuwahi kwenda sokoni Makambako na vitenge vyetu bila kunywa kwanza. Ulikuwa ukisema, "Nikiwa mkavu nasikia kila kicheko." Kikombe kimoja kikawa viwili, viwili vikawa ndoo, ini likagoma. Hospitali ya Ikonda tulikufikisha tumechelewa.

Mimi nimeacha tangu tukuzike. Na wewe unanijazia. Harufu yake inaingia mpaka chumbani. Nilidhani unaniita nikufuate, na kuna siku nilitaka kuja kweli.

Jana nilishindwa, nikamwita mama yako aone. Aliutazama ule mkato muda mrefu. Yeye ambaye hakuwahi kulitamka jina lako ulilojichagulia aliushika mlanzi, akasema polepole, "Tumaini, mwanangu. Unagema vizuri. Sasa pumzika."

Leo asubuhi mbeta ilikuwa imejaa tena. Nilionja kwa ncha ya kidole. Maji. Maji matupu ya baridi, na usiku mvua haikunyesha. Kumbe hata huko mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilicheka peke yangu pale nyuma ya nyumba mpaka nikalia.

Nimeyanywa yote. Nimevaa kitenge chako cha bluu na naenda sokoni na maji hayo tu tumboni. Vicheko nitavisikia, kimoja kimoja, na nitatembea hivyo hivyo hadi mwisho wa soko. Nakuahidi, leo na siku zote nitakazotoka.

Lala, Dada. Nimefungua sanduku kabla ya kuandika. Kisu ni kikavu.

Mdogo wako,
Neema