Kicheko cha Darasa la Tano

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limepunguza kiburi. Mama mpe salamu zangu. Mimi sijambo, ila sauti imekauka.

Nimepewa darasa la tano, watoto arobaini na wanane. Wana akili, Baba, lakini wanaumizana kwa kicheko. Mmoja akikosea, darasa zima linamzomea. Kuna binti mmoja anaandika huku amefunika daftari kwa mkono, kama anayekula kwa siri. Nikimuuliza swali anatazama sakafu.

Wiki iliyopita niligeuza madawati, wakakaa wanne wanne wakitazamana. Nimewaambia aliyepata amweleze mwenzake mpaka naye apate, na aliyekosea hachekwi. Walimu wenzangu wanapita dirishani wakiuliza bei ya nyanya. Wanasema nimefungua soko. Wewe umefundisha miaka thelathini na moja. Nishauri.

Mwanao

22 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Goti linatabiri mvua kuliko redio.

Barua yako imenirudisha mbali. Nimekumbuka harufu ya chaki asubuhi kabla hamjaingia, na yale madirisha niliyokuwa nayafungua mwenyewe, moja baada ya jingine. Kipande cha reli kikigongwa, watoto sitini wanasimama kama mtu mmoja. Sindano ikianguka unaisikia. Mpaka leo nikiamka alfajiri mkono unatafuta chaki mfukoni.

Rudisha madawati yatazame ubao. Samaki mkunje angali mbichi. Mimi aliyekosea nilimsimamisha mbele, nikawaambia wenzake, "Mzomeeni!" Kesho yake alikuja na jibu. Kicheko hakiui mtu. Wewe mwenyewe ulipita mikononi mwangu, umeharibika nini?

Baba yako

9 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika mara tatu, mbili nimezichana.

Mwaka ule niliokuwa darasani kwako sikunyoosha mkono hata siku moja. Majibu nilikuwa nayo. Nyumbani ulinifundisha sehemu kwa kukata chungwa, tumekaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma. Nikikosea ulikula kipande changu, tukacheka wote wawili hadi Mama akatoka kutuangalia. Baba yule nilimpenda mno. Asubuhi nilimtafuta darasani, nikamkuta mwalimu. Raha ya kwenye ngazi zile ndiyo ninayojaribu kuwapa watoto hawa.

Unamkumbuka niliyekaa naye dawati moja, tuliyemwita Kijiti? Ulimsimamisha siku tatu mfululizo kwa hesabu ya sehemu. Na mimi nilimzomea, Baba, maana niliogopa kwamba nisipozomea utaniita mbele. Siku ya nne hakuja. Hakuja tena. Sisi hatukuuliza, wala wewe hukuuliza.

Siandiki haya kukuvunjia heshima. Kama nimevuka mpaka, nisamehe.

Mwanao

14 Mei

Baba,

Shikamoo. Hamjambo huko? Miezi miwili sijaona mwandiko wako. Mama ameniandikia kwamba u mzima, ila mezani huongei, na kila alasiri unatoka bila kusema unakwenda wapi. Kama nimekukosea, nigombeze. Kimya chako ni kizito kuliko fimbo.

Yule binti bado hajasema neno, lakini ameondoa mkono kwenye daftari.

Mwanao

30 Juni

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, tena marahaba. Hukunikosea. Barua yako ilinikasirisha wiki nzima, sikufichi. Hasira ilipokwisha nikabaki na yule mtoto. Nikaanza kumtafuta.

Kijiti ni seremala, karakana yake iko nyuma ya kituo cha mafuta. Siku hizi jina halimfai, ameota kitambi. Aliponiona alizima msumeno akasimama wima kama zamani, na hilo peke yake lilinikata maini. Nikamwambia, "Nimekuja kukuomba radhi." Akapangusa mikono muda mrefu.

"Mwalimu," akasema, "hesabu nilishazisahau. Kile kicheko sijakisahau. Mke wangu akicheka na jirani, bado nageuka nione kama ananicheka mimi."

Nikaaga. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Mwalimu, ubao wa inchi ishirini na robo, nikiugawa mara tatu, kila kipande ni inchi ngapi? Kila siku nakisia, kila siku naharibu mbao."

Basi huko ndiko ninakokwenda alasiri. Tunakaa kwenye benchi lake, miguu ndani ya maranda, tunaandika kwa penseli ya fundi juu ya vipande vya mbao. Siku ile ya kwanza ilituchukua mpaka jua kuzama kupata sita na robo tatu. Alipopata, alilitazama jibu lake kama mtu aliyeokota kitu njiani na hajui ni cha nani. Tangu hapo wengine wamejiunga: fundi rangi, waashi wawili, na mama anayeshona mapazia chumba cha pili. Nina furaha ambayo sijaionja tangu nistaafu.

Lakini juzi mama wa mapazia alikosea, mwashi mmoja akacheka. Wakacheka wote, hata Kijiti! Mama yule akaweka chini kipande chake cha mbao akatoka. Na mimi, mwanangu, nilisimama pale mdomo wazi. Miaka thelathini na moja nimewafundisha watoto kuzomea, kuzuia sijui. Nilichoweza ni kumfuata nje na kumsihi arudi. Amesema ataona.

Watoto wako uliwaambia nini, neno kwa neno? Ulianzia wapi? Niandikie kama unavyomwandikia mwalimu mgeni, usinionee haya. Kijiti anakusalimu sana, anasema ulikuwa unamwazima kifutio.

Nimefunga darasa mpaka nipate barua yako. Wanafunzi sita tunakungoja, nami ni mmoja wao.

Baba yako