Aliyekuwa Akijibu "Salama"

Chang'ombe, Dodoma

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Zuhura aliniambia siku hizi unafika shambani bila kupumzika njiani, nikafurahi sana. Mimi ni mzima wa mwili. Upepo wa huku umeanza, vumbi linaingia hadi kwenye sufuria iliyofunikwa.

Uliuliza kwa nini nikikupigia nakata haraka. Mama, nikisikia sauti yako nalia. Ndiyo maana naandika. Zuhura mdogo wangu, msomee Mama mkiwa wawili tu.

Kazi yangu unaijua: vijana wasio na makazi, wanaolala kwenye baraza za maduka, tunawasaidia wajikinge na virusi vya Ukimwi. Wenye simu tunawaandikia kila asubuhi, "Umeamkaje?" Akijibu "Salama", tunamwacha na siku yake. Akikaa kimya siku mbili, namfuata kwa miguu.

Kati yao yuko binti wa miaka ishirini. Nimwite Rehema, ingawa si jina lake. Mama yake alipofariki, mjomba alibadilisha kufuli la chumba, akabaki nje na mkoba mmoja. Alikuwa anameza vidonge vya kukinga maambukizi, kila siku bila kukosa. Na kila asubuhi alinijibu, "Salama."

Wiki iliyopita nikiwa sokoni nikasikia naitwa. Alikuwa Rehema. Amekonda, Mama, nusura nisimtambue.

"Dada Somoe, umenisahau?"

"Nikusahau vipi? Si umenijibu leo asubuhi?"

Akanitazama. "Nimekujibu na nini? Mkoba uliibwa baridi ilipoanza. Simu, dawa, vyote."

Miezi miwili, Mama. Nikakaa chini palepale kwenye magunia ya mtu. Nikamuuliza kwa nini hakuja ofisini.

"Nilikuja mara mbili. Mlinzi akaniangalia nguo, akasema nikupigie simu kwanza." Kisha akasema neno ambalo silali kwa ajili yake: "Nikajua usipopata jibu utanitafuta. Nikawa nakungoja."

Baridi ilipozidi alimfuata mwanaume mwenye chumba. Hakusema zaidi, nami sikumchimba. Siku hiyohiyo tulikwenda kupima. Mara ya mwisho alikuwa hana virusi. Safari hii anavyo.

Jioni niliipigia ile namba. Akapokea mzee mmoja wa Mkonze, fundi uashi. Simu aliuziwa na kijana asiyemjua, laini ikiwa ndani.

"Baba, kwa nini ulikuwa unajibu?"

"Mwanangu, mimi naishi peke yangu. Nikaona kuna mtu ananijulia hali kila asubuhi. Ningenyamaza vipi?"

Nilitaka kumfokea, nikashindwa. Nikamwambia asante, nikakata.

Mkubwa wangu wa kazi amesema sina kosa, kumbukumbu zinaonyesha binti alikuwa salama. Najua zinaonyesha hivyo. Lakini kutoka ofisini hadi alipokuwa analala ni mwendo wa robo saa, na kwa miezi miwili sikwenda. Neno moja kwenye kioo cha simu lilinitosha. Sasa siandiki tu. Napiga, nisikie sauti, na Jumatatu na Alhamisi nazunguka kwenye baraza mwenyewe.

Jana Rehema alianza dawa. Nilimweleza habari za yule mzee. Akacheka kidogo, kisha akajifunika uso kwa khanga, mabega yakawa yanatikisika. Nikamshika.

Nesi akamuuliza, "Ndugu wa kuwasiliana naye?" Sisi wahudumu haturuhusiwi kuandikwa pale. Nikaichukua kalamu nikaandika jina langu, na mbele ya uhusiano nikaandika: dada. Rehema akasoma, akaniambia, "Basi usiniache tena." Hakusema kwa hasira, Mama. Afadhali angekasirika.

Nisalimie kaka Hamisi na wifi, waambie mtoto nimemsikia akilia kwenye simu, ana mapafu ya babu yake. Shangazi mwenye cherehani mpe shikamoo yangu. Gauni alilonishonea ndilo navaa kazini. Baba mdogo naye asiache kupeleka sikio hospitali.

Ukiswali, Mama, mtaje huyu binti pamoja na sisi wanao. Na mimi niombee moyo wa kuamka kesho na kwenda tena.

Ni mimi mwanao,
Somoe