Macho Mekundu ya Mama Shija

Mjukuu wangu Kabula,

Huku Geita hatujambo. Goti la babu yako limepata nafuu, ameanza tena kugombana na mbuzi. Umeniuliza kama hadithi ya kubuni yaweza kumpa mtu maarifa, maana mwenzako huko chuoni anabisha.

Miaka ya sabini, kijijini kwetu Shinyanga, mwalimu wa kisomo cha watu wazima alitusomea riwaya. Ndani yake mjane mwenye macho mekundu alikuwa akipuliza moto wa mavi makavu ya ng'ombe, peke yake, katika nyumba isiyo na dirisha. Nilishtuka. Jirani yetu Mama Shija alikuwa na macho yale yale, nasi kijiji kizima tulimwita mchawi kwa sababu ya wekundu huo. Mimi hata shikamoo sikuwa nikimpa.

Kesho yake nikaenda kwake, nikapiga hodi. Nikakaa karibu na mafiga, nikamsaidia kusonga ugali. Moshi ukaniwasha macho mpaka machozi yakanitoka. Mama Shija akanitazama usoni, akacheka.

“Mwanangu, na wewe leo umekuwa mchawi?”

Msomee barua hii huyo mbishi.

Ni mimi, bibi yako.